Nimeshindwa Nagona ukurasa wa 12. Asiyezoea kusoma aanze na kitabu gani?

#1 Pampu Namba Tatu
Wakuu salaam.

Mimi ni mhudumu wa sheli, zamu ya usiku, barabara ya Morogoro. Kuanzia saa sita mpaka saa kumi magari ni ya kuhesabu: lori la Tunduma, basi lililochelewa, bodaboda anayetaka mafuta ya buku tatu. Simu karibu na pampu marufuku, kuna mwenzetu alishakatwa mshahara kwa hilo. Nikasema basi nisome vitabu, maana tangu nimalize kidato cha nne 2009 sijafungua kitabu zaidi ya cha risiti.

Nikamwomba shemeji yangu, yuko chuo anachukua Kiswahili. Akaniletea Nagona ya Kezilahabi. "Chembamba hiki, usiku mmoja tu." Kweli chembamba. Leo usiku wa tisa niko ukurasa wa 12. Kila neno nalijua, lakini nikifika kwenye nukta sijui nimesoma nini. Nimeanza kujiona kilaza.

Mtu mzima asiye na mazoea aanze na kitabu gani, cha kumfurahisha tu, siyo cha mtihani? Na shida iko wapi: kitabu, mimi, au shule ilishatuharibu zamani?

Nawasilisha.

#2 Mtoto wa Sinza
Siti ya mbele. Ngoja waje wenye makabati yao.

#3 Kiko Baridi
Mkuu, shemeji yako hakupendi.

Nagona inawatoa jasho mpaka wanaoifundisha. Kezilahabi alishaandika riwaya nne za kawaida, kuanzia Rosa Mistika, zenye watu na vijiji na ugomvi unaoeleweka. Ndipo 1990 akaitoa Nagona, na 1991 Mzingile, akiwa ameamua kubomoa nyumba nzima na kukaa juu ya kifusi. Ukiisoma bila kupita kwenye hizo nne, ni sawa na kuingia msibani usijue aliyekufa ni nani.

Anza na Willy Gamba wa Ben Mtobwa. Utakuja kunishukuru.

#4 Mwalimu Chaki
Kiko Baridi, Willy Gamba ni wa Elvis Musiba. Wa Mtobwa ni Joram Kiango. Hao wawili ukiwachanganya mbele ya wazee unaweza kuchapwa.

#5 Kiko Baridi
Nimepokea mwalimu. Vidole viliteleza. Basi Kufa na Kupona ya Musiba, 1974: jamaa anatumwa Nairobi kufuata nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa Dar. Kuanzia hapo hakuna kupumua.

#6 NganoNyeusi
Jibu la swali la pili: shule. Nafunga mjadala.

Joka la Mdimu niliisoma kwa notsi za mtaani za kurasa nane, nikapata B. Mpaka leo sijui hilo joka lilikuwa wapi.

#7 Mtoto wa Sinza
Mdimuni.

#8 NganoNyeusi
😂😂 Ungekuwa msahihishaji ningepata A.

#9 Mwalimu Chaki
Ngano, usifunge mjadala kwa miguu.

Nimefundisha Kiswahili miaka 17. Kosa letu nalijua: mtoto hajafika sura ya pili tunamdai dhamira, fani na maudhui, "mwandishi amefaulu kwa kiasi gani". Hakuna anayemuuliza kama hadithi imemkaa. Hilo nakiri.

Lakini sikiliza na hili. Mwaka mmoja nilikuwa na nakala nne za Takadini kwa wanafunzi zaidi ya sitini. Sikuwa na la kufanya, nikawa nawasomea mwenyewe kwa sauti. Sekai alipotoroka na mtoto wake zeruzeru kabla hawajamuua, kengele ya mapumziko ikalia. Hakuna aliyesimama, na mihogo ya kukaanga ilikuwa inawasubiri nje. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, mtoro sugu yule, akasema, "Mwalimu malizia basi." Kitabu kilikuwa cha shule, mtihani uko palepale. Kwa hiyo mimi siwezi kusema shule iliua, nikaishia hapo.

#10 Binti Kizimkazi
Mwalimu kanitia machozi.

Kwetu hakukuwa na shule katika hilo jambo. Baba baada ya isha alikaa barazani na Mzimu wa Watu wa Kale, anasoma sura moja, anafunga. Tukimlilia asema "kesho inshallah". Mie nilikuwa naamka usiku nikiwaza Bwana Msa na kiko chake kagundua nini, na yule Najum wake wa kuulizauliza. Tena baba alikuwa hodari wa kukata pale pale palipokuwa pabaya!

Ndugu wa pampu, tafuta Bwana Msa. Hakukimbizi kama hao wa bastola. Anakaa, anavuta, anauliza kijiswali kimoja, na wewe umeshadanganyika.

#11 Mtoto wa Sinza
Si ndiyo ile ya Shaaban Robert?

#12 Binti Kizimkazi
Astaghfirullah. Ni ya Muhammed Said Abdulla, mwenzetu wa Unguja huyo. Ilishinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya hamsini, ikatoka kitabu 1960. Shaaban Robert ni wa Tanga. Nyie watu wa Sinza mnasoma mabango tu.

#13 Kobe Mwendo
Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni simu. Mimi nikisoma kurasa tatu mkono unaenda mfukoni wenyewe, hata simu nikiwa nimeiacha kwenye chaji chumba kingine. Kichwa kimeshazoea vipande vya sekunde kumi na tano. Mpe mtu huyo kitabu chochote, atashindwa.

#14 Dereva Tunduma
Kobe, mleta uzi kasema simu kazini hairuhusiwi. Na bado kakwama ukurasa wa 12. Soma uzi kwanza ndugu yangu, au na wenyewe ni mrefu?

Mimi mambo yangu ni haya. Foleni ya mpakani inaweza kukulaza siku tatu. Dereva mmoja wa Kizambia aliniachia James Hadley Chase, gamba limeng'oka, limeshikiwa kwa solotepu ya kahawia. Kiingereza changu cha kuungaunga. Lakini sura ni fupi, na kila ukifunga sura kuna mtu ameingia matatani. Neno nisilolijua nilikuwa naliruka kama shimo la barabarani. Nilimaliza kabla foleni haijafika getini. Tangu siku hiyo sifungi safari bila kitabu kwenye kabini.

Ushauri: usiangalie unene wa kitabu, angalia urefu wa sura. Wewe unakatizwa na wateja kila dakika ishirini. Unahitaji sura ya dakika kumi na tano.

#15 Pampu Namba Tatu
Dereva umenigusa penyewe. Nagona nikirudi kutoka kwa mteja naanza upya juu ya ukurasa.

#16 Mpambanaji Halisi
Wakuu, hadithi za kubuni zinakusaidia nini? Soma vitabu vya fedha, nidhamu, namna ya kuamka saa kumi alfajiri. Usome ubadilike.

#17 Dereva Tunduma
Saa kumi alfajiri yeye yuko kazini bado anajaza mafuta.

#18 Kiko Baridi
Na kasema KUFURAHI. Mtu anaomba kahawa unamletea mseto wa malaria.

#19 Mpambanaji Halisi
Ndiyo maana hatuendelei.

#20 Muuza Inama
Hamjambo majirani. Niko Nairobi. Hapa tuna maduka tunayaita inama: vitabu vimetandikwa chini kando ya njia, sharti uiname ndipo uchague. Mimi niliinama miaka mingi kabla sijaanza kuuza.

Nataka kumjibu huyu wa shule. Huku Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, ilikuwa kitabu teule. Tulitahiniwa, tulikariri jina la Kongowea Mswahili kama wimbo wa taifa. Na bado mpaka leo watu wazima, wengine wameshakuwa mawakili, wananiuliza kama ninayo. Wanataka kuisoma tena bila mtihani. Mtoto kutoka Tanga anakuja Kenya kumtafuta babake, nani hatataka kujua kama alimpata? Walibora alipofariki Aprili 2020, wiki ile niliulizwa Siku Njema kila siku.

Kwa hivyo shule nyingine huua, nyingine hupanda. Inategemea kitabu.

#21 NganoNyeusi
Au inategemea umri. Wewe uliisoma una miaka 16 na unatafuta maisha kama huyo Kongowea. Mimi Joka la Mdimu nilikuwa natafuta mpira.

#22 Mkutubi Mstaafu
Habari zenu vijana. Nimekaa maktabani zaidi ya nusu ya umri wangu, niongeze mawili.

La kwanza. Kuna mkutubi Mmarekani wa Seattle, Nancy Pearl, ana kanuni yake: mpe mwandishi kurasa 50. Hazijakushika, rudisha kitabu, chukua kingine, na usione haya. Ukivuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100. Zinazobaki ndizo kurasa unazodaiwa, kwa sababu muda wako ni mchache. Mimi nina 61, kwa hiyo mwandishi ana kurasa 39 tu za kunitongoza.

La pili. Watu wanaogopa kuacha kitabu kwa sababu wamekinunua. Hapo ndipo maktaba inapofaa. Maktaba Kuu pale Dar ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, tarehe 9 Desemba 1967, na mikoani zipo. Maktabani unashindwa kitabu bure. Nimeona watu wakirudisha vitabu vitano mfululizo wakiwa na nyuso za aibu, cha sita hawakirudishi kwa wakati. Huyo wa kuchelewa ndiye nilikuwa namfurahia, ingawa faini nilimtoza.

#23 Kiko Baridi
Mzee, kanuni nzuri, ila kurasa 50 za Nagona ni karibu kitabu kizima.

#24 Pampu Namba Tatu
Nina 34. Kumbe bado nadaiwa 38. Mungu nisaidie.

#25 Shangazi wa Magomeni
Nyie mnaongea kama vile Watanzania hatujawahi kusoma. Tulisoma! Gazeti la udaku likitoka, kabla ya kuangalia nani kamwacha nani, unafungua hadithi ya Shigongo. "Itaendelea wiki ijayo." Wiki nzima saluni hamna stori nyingine. Na kabla ya hapo kulikuwa na Sani, kina Ndumilakuwili na Pimbi, watu wanagombania mpaka linachanika.

Mimi nilikuwa nauza vitumbua. Nafungia kwenye magazeti ya zamani. Kuna mteja, baba mzima wa tai, alikuwa anachagua kwanza karatasi ndipo anachagua vitumbua. Siku moja nilimfungia sehemu ya hadithi aliyokuwa hajaipata, akaisoma kasimama, mafuta yanamchuruzika mkononi mpaka kwenye kafu ya shati. Akafika pa utamu, karatasi imechanika. Akaniuliza, "Mama, kipande kingine umemfungia nani?"

Mtu huyo ukimwuliza kama anasoma vitabu angesema hapana.

#26 Ukurasa wa Pili
Shangazi 😂 hii ya kitumbua naiamini kwa asilimia zote.

Nami niongeze: hata sasa watu wanasoma. Kwenye WhatsApp na Facebook simulizi ziko sehemu ya 47, ya 48 unatumiwa ukilipia buku. Mke wangu kalipa. Halafu anasema hapendi kusoma. Hatujaacha kusoma wakuu, tumeacha tu kwenda dukani. Vitabu viko wapi? Wilayani kwetu duka la vitabu linauza madaftari, kalamu na mitihani iliyopita.

#27 Kobe Mwendo
Hiyo bado ni simu. Narudi kwenye hoja yangu.

#28 Ukurasa wa Pili
Kobe, sehemu 47 kaka. Hizo siyo sekunde kumi na tano.

#29 Bi Karafuu
Mbona hamjamtaja Adam Shafi? Vuta N'kuvute ndiyo mlango. Yasmin kaozwa kwa mzee asiyemtaka, anatoroka, anakutana na Denge. Kuna mapenzi, kuna siasa za mkoloni, kuna kukimbizana. Na kuna filamu yake ya Amil Shivji ya 2021. Mimi niliona filamu, nikatafuta kitabu, nikakuta kitabu kina mengi kuliko filamu. Anayeogopa kitabu aanze na filamu.

#30 Mwalimu Chaki
Hapo tutagombana kwa heshima. Ukishaona sura ya Yasmin kwenye skrini, huwezi tena kumchora wako. Halafu kwa mtu wa pampu, ile riwaya ni nene, aiweke ya tatu au ya nne.

#31 Bi Karafuu
Mwalimu, wangapi wamechora Yasmin wao? Nakala nne kwa watu sitini umesema mwenyewe.

#32 Mwalimu Chaki
Umenipata.

#33 Mtoto wa Sinza
Vipi Peponi ya Gurnah? Mzanzibari kashinda Nobel 2021 kwa Kiswahili chetu, tuanze na wa nyumbani.

#34 Wa Maskati
Kaka, sivyo. Gurnah huandika kwa Kiingereza. Paradise ni ya 1994, Peponi ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022 kwa Mkuki na Nyota.

Ila nikuunge mkono kwa jingine. Mama yangu yuko nami hapa Maskati, kazaliwa Unguja, Kiingereza hajui, Kiarabu cha kusoma ni cha Kurani. Nilimpelekea Peponi. Anakisoma taratibu na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Kila akikuta neno la kwao ananiita jikoni, "Njoo uone, wameliandika!" Hadithi yenyewe sidhani kama anaifuata sana. Anafurahi maneno. Sasa hiyo nayo tuiweke fungu gani?

#35 Binti Kizimkazi
Muweke fungu langu, nami mwenyewe niko huko. 🤲

#36 Kiko Baridi
Kwa anayetaka Shaaban Robert bila kusinzia, achukue Adili na Nduguze. Liwali mwema, mcha Mungu, lakini kila usiku anawapiga viboko manyani wawili. Kwa nini? Kitabu kizima ni jibu la swali hilo.

#37 Mkutubi Mstaafu
Kuna hadithi ya Alfu Lela Ulela iliyo ndugu yake kabisa. Kule wanaopigwa ni mbwa.

#38 Dereva Tunduma
Kumbe Shaaban Robert alibadilisha gia tu.

#39 Mkutubi Mstaafu
Alibadilisha na njia pia. Usimdharau.

#40 Mpambanaji Halisi
Huyo liwali aliamka saa ngapi?

#41 Kiko Baridi
😂😂😂 Leo umeua. Karibu kundini.

#42 Pampu Namba Tatu
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Asanteni wote.

Nagona nimemrudishia shemeji. Nilifika ukurasa wa 31, Nancy atanisamehe. Shemeji kaniuliza nimeelewa nini, nikamwambia nimeelewa kwamba bado. Akacheka, akakiri na yeye alisoma kwa sababu ya semina.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda mjini, kwa wale wanaotandika vitabu chini maeneo ya Posta. Kidogo nichukue Bwana Msa, hakuwepo. Nikapata Kufa na Kupona, nakala ya zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Jamaa alitaka elfu nne, nikampa tatu.

Usiku wa kwanza nilisoma nimekaa kwenye kreti chini ya taa ya pampu namba tatu. Mvua zimeanza huku, kumbikumbi wanadondoka kwenye kitabu, kila nikigeuza ukurasa nabakiza mbawa ndani. Saa nane hivi lori likaingia. Dereva kapiga honi mara ya kwanza, nimeisikia kwa mbali. Ya pili. Ya tatu akashuka, akaja kusimama mbele yangu, nikamwambia, jamani wakuu, mdomo wangu huu, "Subiri kidogo." Mteja! Akainama akasoma jalada. Akasema, "Ah, Willy. Haya malizia sura."

Nilimjazia lita mia tatu huku nafikiria Nairobi.

Sasa shida. Jana usiku nimefika mwisho nikakuta si mwisho. Karatasi za nyuma hazipo. Zimechomoka au zimefungiwa vitumbua, sijui. Ukurasa nilionao umekatika katikati ya sentensi, tena pabaya kuliko alipokuwa anakatia baba yake Binti Kizimkazi. Leo sijalala mchana. Mwenye nakala nzima naomba anipigie picha kurasa za mwisho.

#43 Mtoto wa Sinza
Mwisho wote wanakufa.

#44 Dereva Tunduma
Mwongo huyo, hajasoma. Ila mkuu, huyo wa lori hakuwa mimi, nisisingiziwe.

#45 Shangazi wa Magomeni
Mwanangu, hizo karatasi sikufungia mimi. Niliacha biashara zamani.

#46 Mwalimu Chaki
Ninayo, lakini nimeazimisha mwaka juzi kwa mwalimu mwenzangu. Mnajua maana yake.

#47 Kobe Mwendo
Yaani atazisoma kurasa za mwisho kwenye simu. Sisemi kitu.

#48 Kiko Baridi
Ninayo nzima, njoo inboksi. Lakini sitakupigia picha zote kwa mkupuo. Kurasa mbili leo, zingine kesho inshallah.

#49 Pampu Namba Tatu
Kiko, usinifanyie hivyo. Naingia zamu saa mbili.